Lengo la vitabu 24 kwa mwaka: nusu imekwisha, mmefika wapi na mnahesabu vipi?

Mpenda Kurasa (Morogoro)

Habari za jioni wanajamvi. Juni inaishia leo, ni wakati wa kufungua madaftari. Lengo langu la mwaka huu ni vitabu 24, viwili kila mwezi, karibu vyote vya Kiswahili. Nimemaliza 9. Kwa kalenda nilitakiwa niwe na 12, kwa hiyo nadaiwa 3, na kuanzia kesho zimebaki siku 184.

Naomba msaada kwenye mambo haya. Deni la namna hii linalipwaje bila kukimbilia vijitabu vyembamba ili tu namba itimie? Vilivyobaki rafuni kwangu vingi ni vya kurasa 250 hadi 300. Halafu mnahesabu nini hasa: tamthilia ya kurasa 60 ni kitabu kimoja sawasawa na riwaya ya kurasa 300? Utenzi je? Na kitabu kilichokwama katikati mnakifanyaje? Wale msiotumia idadi kabisa, semeni mnajipimaje.

Tafadhali nipeni hesabu na utaratibu. "Soma kidogo kidogo kila siku" tumeshaisikia.

Karani wa Rafu (Dodoma)

Mkuu, weka pembeni idadi ya vitabu kwanza, upime kasi yako. Chukua kitabu unachosoma sasa, tega saa dakika 20, soma mwendo wako wa kila siku, kisha hesabu kurasa. Fanya hivyo siku tatu, mara moja asubuhi na mara mbili usiku, kwa sababu kasi ya usiku baada ya kazi ni ndogo na ndiyo utakayoitumia zaidi. Tafuta wastani, zidisha kwa 3, hizo ndizo kurasa zako kwa saa. Kwa mfano huu tuseme ni 25.

Vitabu 15 ulivyobakiza vikiwa na wastani wa kurasa 180, jumla ni 2,700. Gawanya kwa siku 184 unapata pungufu kidogo ya 15 kwa siku, dakika 35. Lakini wewe umesema vyako ni vinene. Wastani ukiwa 280, jumla inapanda hadi 4,200, karibu kurasa 23 kwa siku, dakika 55. Idadi ya vitabu ni ileile na lengo ni lilelile, ila kila siku unadaiwa dakika 20 zaidi. Hapo ndipo watu wengi wanapoachia njiani ikifika Oktoba, na wanajilaumu kwa uvivu wakati kosa liko kwenye hesabu waliyoanza nayo.

Tena hakuna mwenye siku 184 kamili. Kuna safari, msiba, harusi, wiki ya kufunga hesabu kazini, na nusu ya pili ya Desemba. Toa siku moja katika kila sita, unabaki na 153 hivi. Kwa vitabu vinene vitupu sasa ni kurasa 27 na zaidi kila siku ya kusoma, yaani saa moja na dakika tano au sita. Kwa mtu mwenye kazi na familia hiyo ni nyingi, usijidanganye.

Kwa hiyo changanya. Vinene 8 vya kurasa 280 ni kurasa 2,240. Vyembamba 7 vya kurasa 110 ni 770. Jumla 3,010, gawanya kwa siku 153: karibu kurasa 20, dakika 47. Hiyo inabebeka. Kuchagua vyembamba 7 kati ya 15 si kukwepa lengo. Fasihi yetu imejaa kazi fupi zenye uzito, na tamthilia zetu nyingi nzuri ziko chini ya kurasa 100.

Mpangilio nao una maana. Vinene vitangulie Julai, Agosti na Septemba, vyembamba wekea Novemba na Desemba. Wengi hufanya kinyume: wanaanza na vyepesi ili deni lipungue haraka, halafu wanabaki na vinene vitano mwezi wa kumi na mbili. Soma viwili kwa wakati mmoja, kinene cha nyumbani na chembamba cha kwenye begi. Visiwe vitatu, maana majina ya wahusika yataanza kuingiliana na utajikuta unarudi nyuma kurasa 10 kila unapofungua.

Hizo kurasa 20 usizilundike usiku. Wanaohitimisha Msahafu ndani ya Ramadhani wanalijua hili siku nyingi: msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604, juzuu moja ni kurasa 20 hivi, na kurasa 4 baada ya kila sala ya faradhi zinatimiza juzuu kwa siku. Wakristo wanaosoma Biblia ya vitabu 66 kwa mwaka nao wamegawanya sura 1,189 ikawa tatu au nne kwa siku. Mgawo mdogo uliofungwa kwenye jambo ambalo tayari unalifanya ndio unaodumu. Wewe unaweza kufanya kurasa 8 kabla ya kutoka nyumbani, 4 mchana baada ya chakula, na 8 usiku. Usiku ukiharibika, tayari una 12 mkononi, na deni la kesho ni 8 badala ya 20.

Dada wa Menengai (Nakuru)

Hujambo ndugu. Karani amemaliza hesabu, niseme kuhusu nini kinahesabiwa. Kanuni ziandikwe mwanzoni mwa daftari, tena kabla ya Januari 1, kwa sababu ukianza kuzitunga Agosti utazitunga kulingana na deni lako.

Kanuni zinazofanya kazi ni hizi. Chochote chenye jalada lake na ulichokisoma mwanzo hadi mwisho ni kitabu kimoja, iwe tamthilia, riwaya au tawasifu, lakini kila mstari wa daftari uwe na safu ya kurasa. Mwisho wa mwezi unajumlisha safu mbili: idadi na kurasa. Idadi ikipanda huku kurasa zinashuka, unajua umeanza kukwepa. Mkusanyiko wa hadithi fupi unahesabiwa ukimaliza hadithi zote, si ukisoma ile inayobeba jina la kitabu tu. Kitabu ulichokirudia kinahesabiwa tena, chenye tarehe mpya. Vya watoto unavyowasomea usiku viwe na orodha yao, na maandiko matakatifu vilevile, maana usomaji wake una utaratibu na nia nyingine.

Mwongozo wa kitabu cha mtihani hauhesabiki. Ninalisema hili kwa mkazo kwa sababu nchi zetu zimejaa miongozo, na mtu anaweza kujua dhamira, wahusika na mbinu zote za sanaa za riwaya ambayo hajaifungua hata sura moja. Soma kitabu chenyewe kwanza. Mwongozo ukiutaka, usome baadaye, kisha ujiulize unakubaliana nao wapi na wapi mwandishi wake amekosea.

Kuhusu tamthilia ya kurasa 60: ukiisoma kama gazeti utaimaliza kwa saa moja na nusu na hutakumbuka nani alisema nini. Soma maelekezo ya jukwaani kila mara, hata yale ya maneno matatu, kwa kuwa ndiyo yanayokueleza nani yupo na nani ametoka. Soma mazungumzo kwa sauti. Ukifanya hivyo itachukua muda karibu mara mbili, na malalamiko kwamba tamthilia ni "kitabu cha bure" yatakwisha yenyewe.

Kwenye programu za simu, changamoto ya mwaka ya Goodreads huhesabu vitabu, wakati StoryGraph inakuruhusu pia kuweka lengo la kurasa au saa. Vitabu vyetu vingi havimo kwenye orodha zao, au vimo bila idadi ya kurasa, hivyo jiandae kuviingiza kwa mkono ukitumia namba ya ISBN iliyo nyuma ya jalada. Vya zamani visivyo na ISBN andika jina, mwandishi, mchapishaji na mwaka. Usimwachie programu akusanye kumbukumbu zako peke yake. Daftari la karatasi halihitaji chaji.

Fumo wa Mvita (Mombasa)

Salaam aleikum nyote. Napinga kurasa kuwa kipimo. Kurasa zinapima karatasi.

Angalieni riwaya mbili za mwisho za Euphrase Kezilahabi, Nagona ya 1990 na Mzingile ya 1991. Kila moja haifiki kurasa 100. Kwa hesabu za Karani kila moja ni siku nne au tano za kusoma. Lakini hazina mstari wa hadithi kama riwaya zake za miaka ya 1970, zimejaa falsafa, ndoto na ishara, na msomaji makini atazirudia mara mbili ndipo aanze kuona njia. Sasa mtu aliyezisoma mbili hizo mwezi mzima amesoma kidogo kuliko aliyemaliza riwaya ya upelelezi ya kurasa 300 kwa wiki?

Utenzi ndio kabisa. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa 1858, una beti mia moja na kidogo. Ukiuhesabu kwa kurasa ni jioni moja, na atakayeusoma jioni moja ameutazama tu. Huu hapa ni utaratibu. Chukua beti 10 kwa kikao, vikao vitatu kwa wiki, unamaliza kwa wiki tatu na ushei. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani, yaani silabi, nane nane. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, cha nne kinabeba kina cha bahari kinachofululiza utenzi mzima. Soma ubeti kwa sauti mara ya kwanza kwa ajili ya mizani, usijali maana. Mizani ikikupungukia au ikizidi, umetamka vibaya mahali fulani, au umesoma silabi mbili kama moja. Rudi mpaka ikae. Mara ya pili soma kwa maana, na maneno usiyoyajua yapigie nukta ya penseli pembeni. Mara ya tatu, baada ya kamusi, soma tena beti zote 10 mfululizo.

Kwa kamusi, Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ya 2015 na kamusi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zitakufaa kwa lugha sanifu. Kwa tenzi za kaskazini, anayejua Kifaransa atafute kamusi ya Sacleux ya 1939, ile inaonyesha neno ni la Kiamu (lahaja ya Lamu), Kimvita (ya Mombasa), Kiunguja au la pengine. Kabla ya hapo jifunze mabadiliko machache ya sauti, yatakupunguzia safari za kamusini: penye j ya sanifu Kiamu mara nyingi kina y, hivyo moya ni moja na kuya ni kuja. Njia ni ndia, vyombo ni zombo, mchele ni mtele, maji ni mai. Ukishayazoea, beti ulizodhani ni za lugha ngeni zinafunguka.

Kwa hiyo mtu wa mashairi ajipime kwa vikao. Vikao 12 kwa mwezi, kila kimoja dakika 40, basi. Mwisho wa mwaka ana vikao 144 na huenda ana tenzi nne na diwani mbili. Huyo amesoma sana.

Karani wa Rafu (Dodoma)

Kaka Fumo, kwa mashairi na kwa riwaya za namna ya Nagona nakubali bila ubishi. Lakini aliyeuliza ana riwaya 15 rafuni na anataka kujua kama atafika Desemba 31. Kwa riwaya za kawaida kurasa zinatabiri vizuri.

Tunaweza kukutana kwenye dakika. Weka lengo la siku kuwa dakika 47, au 50 ikae namba nzima, na usome chochote kilichopangwa. Siku ya riwaya utapata kurasa 20, siku ya utenzi utapata kurasa 3, zote zimetimiza mgawo. Idadi ya vitabu inabaki kuwa matokeo. Ikifika Septemba 30 ujumlishe na kuona kama 24 bado inawezekana. Isipowezekana, shusha namba iwe 20 na uandike tarehe uliyoishusha. Kushusha lengo Septemba kwa hesabu ni bora kuliko kusoma vitabu sita vya mwisho kwa kuruka aya.

Msomi wa Ng'ambo (Unguja)

Mimi ni wa kundi lisilotumia idadi, na hoja yangu ni fupi: chagua mfululizo, si namba. Lengo la "vitabu 24" halikwambii kipi kifuate, na nguvu nyingi zinapotea kusimama mbele ya rafu. Mfululizo unakwambia.

Mfano ulio tayari ni riwaya za Adam Shafi zikisomwa kwa mfuatano wa historia inayosimuliwa badala ya mwaka wa kuchapishwa. Anza na Kuli (ilitoka 1979), inayobeba mgomo wa makuli wa Unguja wa 1948. Fuata Vuta n'kuvute (1999), Unguja ya miaka ya 1950, mapenzi na siasa za kudai uhuru. Kisha Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), mabwana wa mashamba na watumishi wao hadi Mapinduzi ya 1964 na baada yake. Malizia na Haini (2003), inayohusu waliokamatwa na kuteswa baada ya Mzee Karume kuuawa mwaka 1972. Ukizisoma kwa mpango huu unaona kitu ambacho mpango wa uchapishaji unakificha: watu wa aina ile ile, wa bandarini, mitaani na mashambani, wanaodai haki kwenye riwaya tatu za mwanzo, kwenye ya nne wako mbele ya dola iliyozaliwa na madai hayo hayo. Ukitaka kurudi nyuma zaidi, tanguliza Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka 2022. Hiyo ni pwani na bara kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, misafara na watoto waliowekwa rehani kwa madeni. Vitabu vitano, nusu mwaka, na kila kimoja kinakufungulia kinachofuata.

Vya kufanya kwenye mfululizo: karatasi moja ya ratiba ya miaka, kila tukio la kweli linalotajwa ulichore hapo lenye ukurasa wake. Karatasi ya pili ya wahusika, jina, anaishi mtaa gani, ni nani kwa nani, maneno matano kila mmoja. Andika mhusika anapotokea mara ya pili. Ukiandika kila jina la mara ya kwanza utajaza ukurasa watu wanaopita njia tu.

Ndugu Mpenda Kurasa, hata ukibaki na namba yako, chukua mfululizo mmoja wa vitabu vitano uuweke ndani ya vile vinene vinane. Vitakwenda haraka zaidi kuliko vitano visivyojuana, kwa kuwa dunia yake umeshaizoea na hulazimiki kujifunza mahali papya kila unapoanza.

Mama Chapa (Arusha)

Nijibu la kitabu kilichokwama, maana limerukwa.

Kitabu cha kurasa 200 na zaidi kipe kurasa 50. Chini ya hapo kipe robo. Kikifika hapo na bado unajivuta, usikifunge kwa hasira, tafuta kwanza sababu, kwa kuwa sababu nyingine zina dawa. Herufi ndogo na chapa hafifu: kisome mchana tu, karibu na dirisha, usiku usome kingine. Wahusika wengi: rudi sura ya kwanza na karatasi ya majina kama alivyosema Msomi. Maneno magumu: acha kufungua kamusi kila mstari, piga nukta, maliza sura, ndipo ufungue. Wengi pia wanakwama kamusini penyewe kwa kutafuta neno lilivyo. Kitenzi kivue viambishi: "walimkurupusha" utalitafuta kwenye kurupusha, ukilikosa nenda kurupuka. Nomino irudishe umoja: ndimi iko kwenye ulimi, kuta kwenye ukuta, meno kwenye jino.

Sababu ikiwa ni kwamba kitabu hakikuvuti, kiandike "kimesitishwa, uk. 52" na neno moja la sababu, kurasa zake uzijumlishe kwenye safu ya kurasa, kitabu chenyewe usikihesabu. Kirudishwe kwenye rafu ya mwakani. Usisitishe zaidi ya vitatu kwa nusu mwaka. Vikizidi hapo, tatizo liko kwenye kuchagua: soma kurasa 5 za mwanzo na 2 za katikati dukani au maktaba kabla ya kununua.

Jambo la pili ni upatikanaji, ambalo huangusha malengo kimya kimya. Mtu anamaliza kitabu Ijumaa, kinachofuata hana, wiki mbili zinapita. Kila wakati uwe na viwili vinavyosubiri. Gharama ikiwa kikwazo, endesheni mzunguko kama upatu. Watu 6, kila mmoja ananunua vitabu 2 vipya tofauti, jumla 12. Kila miezi miwili kila mtu anakabidhi viwili alivyonavyo kwa anayemfuata kwenye orodha. Kwa mizunguko 6 ndani ya mwaka kila mmoja amesoma vitabu 12 kwa bei ya 2. Hiyo ni nusu ya lengo la 24.

Mzunguko unaharibika pale mmoja anapochelewa, foleni nzima inasimama nyuma yake. Sheria iwe moja: siku ya kukabidhi unakabidhi hata kama hujamaliza, utakimalizia mwishoni kikiwa kimerudi kwa mwenyewe. Siku yenyewe iwe tarehe moja inayojulikana, si "wikiendi ya mwisho". Kila kitabu kifunikwe plastiki siku ya kwanza, jina la mwenye nacho liandikwe ndani ya jalada la nyuma, na hakuna kuandika kwa kalamu ya wino. Vitabu vyetu vingi vimegundishwa mgongo bila kushonwa. Ukikilaza kifudifudi kikiwa wazi au ukikikunja nyuma kama gazeti, gundi inapasuka na kurasa za katikati zinaanza kutoka. Kimoja cha namna hiyo hakitamaliza mikono sita.

Maktaba nazo zipo: Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam na za mikoa kwa Tanzania, na matawi ya maktaba ya taifa na ya kaunti kwa ndugu zetu wa Kenya. Tarehe ya kurudisha iliyogongwa muhuri ni msukumo mzuri kuliko lengo lolote unalojiwekea. Kwa vitabu visivyochapishwa tena, mkusanyiko wa East Africana kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndio pa kuulizia, ila vya humo husomewa humo humo, panga siku nzima.

Mpenda Kurasa (Morogoro)

Ahsanteni sana, hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta. Nimeandika hivi: dakika 50 kwa siku, vinene 8 na vyembamba 7, vitano kati ya vinene ni mfululizo wa Msomi wa Ng'ambo kuanzia Peponi hadi Haini, vinene vyote viishe katikati ya Oktoba, mapitio Septemba 30. Utenzi mmoja nitauweka Novemba kwa vikao vya Fumo.

Swali la mwisho. Viwili kati ya vyembamba ninavyo kwenye simu kwa PDF. Kurasa za simu nazihesabuje, na mnasomaje bila kuumiza macho?

Dada wa Menengai (Nakuru)

Kwanza hakikisha ni nakala halali. PDF za kupiga picha kitabu kizima zinazozunguka kwenye makundi hazimpi mwandishi hata senti, na soko la vitabu vyetu ni dogo, kila nakala inayonunuliwa inahesabika kwa mchapishaji anapoamua kama atachapa tena.

PDF imefungwa kwenye umbo la ukurasa wa karatasi. Ukikuza maandishi, mstari unatoka nje ya kioo na unaanza kuburuta kushoto na kulia, ndiyo maana inachosha haraka. Laza simu upande, ukurasa utajaa upana na utasoma nusu ukurasa kwa wakati. Kama mchapishaji anauza pia ya EPUB, chukua hiyo, maandishi yake yanajipanga upya kila unapobadili ukubwa wa herufi.

Kwa hesabu: kurasa za PDF zinalingana na za karatasi, ziandike zilivyo, ukitoa jalada na kurasa za mwanzo zenye namba za kirumi. Za EPUB hubadilika na ukubwa wa herufi, usizitumie. Tumia asilimia, na idadi ya kurasa itafute kwenye orodha ya mchapishaji kwa toleo la karatasi. Kitabu cha kurasa 120 ukiwa asilimia 40 umesoma 48. Kisipokuwa na toleo la karatasi, hesabu maneno ya sehemu moja inayojaza kioo, zidisha kwa idadi ya vioo, gawanya kwa 280.

Mwanga wa simu ulingane na wa chumba, usiwe taa peke yake gizani. Weka hali ya ndege kabla ya kufungua kitabu, maana ujumbe mmoja unakula dakika zaidi ya ule muda wa kuusoma. Na kwa kuwa umeweka dakika 50, gawanya: 20 za simu zitoshe kwa siku, 30 zibaki za karatasi.

Fumo wa Mvita (Mombasa)

Utenzi wa Novemba usiusome kwenye simu. Uchape au uunakili kwa mkono beti 10 kwa kila karatasi, uache nafasi ya vidole viwili upande wa kulia kwa maana za maneno. Kunakili kwenyewe ni kusoma mara moja, na makosa ya mizani utayaona hapo hapo ukiwa unaandika. Anza wiki ya kwanza ya mwezi ili upate wiki ya akiba.